Maswali ya Wasomaji: Jina Langu kwenye Leseni, Duka la Mwingine

Barua zinazohusu biashara halali ya bangi zimekuwa zikiongezeka mezani kwangu, nyingi zikitoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, ambako majimbo kadhaa yameahidi kwamba waliofungwa na kuonewa kwa sababu ya mmea huo ndio watakaotangulizwa katika faida yake. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeiandika ana siku chache tu za kuamua.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Bukavu, na tumeishi Rockford, Illinois, kwa miaka saba tangu tulipopokewa kama wakimbizi. Ninafanya kazi ya usafi hotelini. Mwezi uliopita jirani tunayesali naye alimleta nyumbani bwana mmoja, akanieleza kwamba mtaa wetu umo katika ramani ya maeneo ambayo serikali ya jimbo inakiri kuwa yaliumizwa na vita dhidi ya dawa za kulevya, na kwamba mtu aliyekaa humo miaka mitano hupewa upendeleo katika leseni za maduka ya bangi. Anataka niandikwe kuwa na asilimia 51 ya kampuni. Fedha zote atatoa yeye, nami nitalipwa dola 1,500 kila mwezi bila kufanya kazi yoyote. Ninakutumia vifungu vya mkataba ambavyo binti yangu amenisomea. Nina grinikadi na mwaka kesho nakusudia kuomba uraia. Je, hii ni baraka au ni mtego? (Mama wa Rockford)

JIBU: Marahaba, mama, na umpe salamu zangu binti aliyekaa nawe kuzisoma karatasi zile neno kwa neno. Ninakusihi usitie sahihi popote kabla hujaonana na mwanasheria wa uhamiaji, na nitaanza na jambo ambalo bwana yule, kwa jinsi ulivyonisimulia, hakuligusa kabisa.

Illinois imehalalisha bangi, lakini uraia hautolewi na Illinois. Unatolewa na serikali ya shirikisho, ambayo kwayo kuuza bangi bado ni kosa hata kama duka lina leseni ya jimbo iliyotundikwa ukutani. Tarehe 19 Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo unaosema kwamba anayejihusisha na bangi, hata pale jimbo lake linaporuhusu, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa mwombaji wa uraia, na mwongozo huo unataja pia ajira katika biashara hiyo. Si lazima mtu awe ameshtakiwa. Kukiri tu mbele ya afisa anayemhoji kunaweza kutosha. Fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi iwapo umewahi kuuza dawa zilizopigwa marufuku, na wewe utajibu kwa kiapo huku jina lako likiwa limeandikwa kwenye daftari la serikali ya jimbo kuwa ndiye mwenye duka. Zaidi ya hapo, sheria ya uhamiaji ina kifungu kinachomhusu mtu ambaye maafisa wana sababu ya kuamini kwamba alishiriki biashara ya dawa hizo, na mtu wa namna hiyo anaweza kukataliwa kuingia tena nchini akirudi kutoka safari, hata kama alikwenda kumzika mzazi wake. Mwenye kuzaliwa Chicago akitia sahihi mkataba kama huo anahatarisha fedha na heshima yake. Wewe unahatarisha haki yako ya kukaa mahali watoto wako wanaposoma.

Hili linaniuma kuliko kasoro nyingine zote za mpango huu. Ramani ya jimbo inahesabu miaka uliyokaa mtaani na kukuita mstahiki, na sheria ya shirikisho inangoja nyuma ya mlango uleule.

Sasa tuusome mkataba wenyewe. Ukurasa wa kwanza unasema una hisa 51 katika kila 100, na sina shaka kwamba ukurasa huo ndio ulioonyeshwa kwa jirani yenu. Kifungu cha sita kinasema matumizi yoyote yanayozidi dola 5,000 yanahitaji kibali cha maandishi cha mshirika wako, maana yake huwezi kuagiza bidhaa ya wiki moja bila ruhusa yake. Kifungu cha tisa kinaipa kampuni yake nyingine kazi ya kusimamia duka kwa ada ya asilimia 12 ya mauzo. Tazama vizuri, ni ya mauzo, si ya faida, kwa hiyo analipwa hata mwaka ambao duka limepata hasara. Cha kumi na moja kinasema mtaji ni mkopo kwa kampuni, wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na hisa zako ndizo rehani. Cha kumi na nne kinamruhusu kununua hisa zako zote kwa dola 10,000 wakati wowote sheria itakapokuwa inaruhusu leseni kuhamishwa. Ukivipanga vifungu hivi vinne pamoja utaona kwamba huna sauti, huna faida, unaweza kunyang'anywa hisa kwa deni usilolisimamia, na deni lisipozichukua zitanunuliwa kwa bei iliyopangwa kabla mlango haujafunguliwa. Kilichobaki mikononi mwako ni jina, na jina hilo ndilo litakaloitwa siku wakaguzi watakapokuja kuuliza. Sheria ya Illinois haidai umiliki wa karatasi peke yake. Inadai umiliki pamoja na udhibiti, na anayedanganya juu ya nani hasa anaongoza duka anaweza kuipoteza leseni.

Huenda ukauliza kama basi faida ingekuwepo iwapo mkataba ungekuwa wa haki. Ingekuwepo kwa shida, kwa sababu ya kanuni moja ya kodi ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1981 mahakama ya kodi ilimruhusu mwuza dawa za kulevya wa Minneapolis kukata katika kodi yake gharama za mizani, simu na gari, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha kifungu cha 280E ili jambo hilo lisitokee tena. Kifungu hicho kinazigusa dawa zilizo katika Jedwali la Kwanza na la Pili, yaani makundi yenye masharti makali zaidi, la sheria ya shirikisho ya dawa ya 1970, na ndiyo maana wenye maduka walilifuatilia kwa hamu pendekezo la Mei 2024 la kuihamishia bangi Jedwali la Tatu. Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za dola 1,000,000 kwa mwaka, ambazo lilizinunua kwa 600,000. Linabaki na 400,000, na kati ya hizo 350,000 zinakwenda kwenye mishahara, pango, walinzi na umeme. Faida halisi ni dola 50,000, na duka la viatu lingelipa asilimia 21 yake, yaani 10,500. Duka la bangi chini ya 280E linatozwa asilimia 21 ya zile 400,000, kwa kuwa haliruhusiwi kukata mishahara wala pango, nayo ni dola 84,000. Limepata 50,000 na linadaiwa 84,000. Kampuni kubwa yenye maduka mengi na wakopeshaji wenye subira hulibeba pigo hilo kwa miaka kadhaa huku ikingoja sheria ibadilike. Mtu aliyeingia na mkopo wa asilimia 18 hafiki huko.

Nisingependa ufikiri kwamba waliotunga sheria ya Illinois walikuwa na nia mbaya. Walipoipitisha mwaka 2019 walikuwa wameona majimbo yaliyotangulia yakigawa leseni kwa wenye fedha, na wakatenga pointi 50 kati ya 250 kwa waombaji wa haki ya kijamii: waliokaa katika maeneo yaliyoumizwa miaka 5 kati ya 10 iliyopita, waliowahi kukamatwa kwa makosa ambayo sasa yanafutika, na jamaa zao wa karibu. Walichokosea ni mpangilio wa wakati. Maduka yaliyokuwa yakiuza bangi ya matibabu yaliruhusiwa kumwuzia kila mtu mzima tangu tarehe 1 Januari 2020, na yakaongezewa nafasi ya kufungua matawi. Waombaji wapya walitakiwa kungoja. Septemba 2020 ikatangazwa kwamba, kati ya waombaji zaidi ya 900, ni 21 tu waliopata alama zote na ndio watakaoingia katika bahati nasibu ya leseni 75. Zikafuata kesi, sheria ya marekebisho na bahati nasibu nyingine, na maduka ya kwanza ya waombaji wa haki ya kijamii yakafunguliwa Chicago mnamo Novemba 2022. Hesabu mwenyewe miezi hiyo, mama. Wapo waliokuwa wamekodi fremu na kuilipia pango bila kuuza chochote, na mtu aliyefikishwa hapo hupokea mkono wowote unaonyooshwa, hata ukiwa umeshika mkataba kama ulionitumia.

Kwa hiyo, mwambie bwana yule kwamba umeshauriwa kungoja. Usimwambie jirani yako maneno makali, kwani inawezekana naye hakusomewa kifungu cha kumi na nne. Uraia ukishaupata, na moyo wako ukiwa bado unaitaka biashara hii, tafuta mshirika anayekubali kwamba ada ya usimamizi ilipwe baada ya faida, kwamba hisa zako zisiwekwe rehani, na kwamba bei ya kuzinunua ikadiriwe na mthamini huru siku ya mauzo yenyewe. Atakayeyakataa hayo yote matatu atakuwa amekueleza nia yake.

SWALI: Mhariri, nimefundisha uraia kwa miaka 31 hapa Morogoro, na ninashindwa kuelewa. Mtu alivunja sheria kwa kuuza bangi, sheria imebadilika, leo yeye ndiye anayetangulizwa kupewa leseni, na aliyeishika sheria anawekwa nyuma. Hiyo inaitwaje haki? Na je, kampuni hizo zikijenga zahanati na kugawa madaftari, si zitakuwa zimetimiza wajibu wao kwa jamii? Nasikia baadhi ya nchi za Afrika nazo zimefuata njia hiyo. (Mwalimu mstaafu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, swali lako ni la mtu aliyezoea kudai hoja kamili, nami nitajitahidi kukujibu hivyo. Ungekuwa sahihi kama sheria ile ingekuwa imewashika wote sawa. Chama cha kutetea haki za kiraia cha ACLU kilipolinganisha takwimu za Marekani nzima katika ripoti zake za 2013 na 2020 kilikuta kwamba watu weusi na weupe huvuta bangi kwa viwango vinavyokaribiana, lakini mtu mweusi hukamatwa kwa kuwa nayo zaidi ya mara tatu na nusu ya mweupe. Kwa hiyo, kijana wa kizungu na kijana mweusi walikuwa na msokoto uleule mfukoni, na ni mmoja aliyepekuliwa. Yule aliyepekuliwa aliandikwa katika rekodi ambayo kila mwajiri na kila mwenye nyumba ya kupanga anaweza kuisoma. Wengi unaowaita walioishika sheria, Mwalimu, hawakuishika; ila tu hawakukamatwa. Miaka mingi baadaye wao ndio waliokuwa na historia safi ya mikopo, nyumba ya kuweka dhamana na marafiki wenye mtaji, na ndio waliofungua maduka.

Hata hivyo, kuna mahali ninakubaliana nawe, ingawa kwa sababu tofauti na yako. Leseni ni zawadi ndogo mno kwa jeraha kubwa kiasi hicho. Ziko kwa mamia, na waliokamatwa ni mamilioni, tena wengi wao hawataki kuuza bangi hata kidogo. Wanataka kazi ya udereva, chumba cha kupanga, na kutoulizwa tena habari ya mwaka 1998. Ndiyo maana ninaamini kwamba kazi bora iliyofanywa Illinois haikuwa ya maduka. Hadi mwisho wa 2020 serikali ilikuwa imetangaza kufuta karibu rekodi 500,000 za kukamatwa kwa makosa madogo ya bangi, na gavana alikuwa ametoa misamaha zaidi ya 9,000. Aliyefutiwa rekodi hakuhitaji mtaji wala mshirika. Vilevile robo ya mapato ya kodi ya bangi, baada ya gharama za uendeshaji, hurudishwa katika mitaa iliyoumizwa, kwa ajili ya huduma za vijana, msaada wa kisheria na kuwapokea wanaotoka gerezani. New York, katika sheria yake ya 2021, ilitenga asilimia 40 kwa kazi kama hiyo. Ningekuwa na kura, ningeipigia fedha hizo kabla ya kuipigia leseni hata moja.

Kuhusu zahanati na madaftari, hapana. Kampuni haiwezi kumlipa mtu kwa kisichokuwa deni lake na kuliacha deni lenyewe. Mjini Oakland, California, ambako mpango wa kwanza wa aina hii ulianza mwaka 2017, kampuni ya kawaida iliyotaka kutangulizwa katika foleni ya leseni ilitakiwa kumpa mjasiriamali aliyestahiki nafasi ya futi za mraba 1,000 bila pango kwa miaka mitatu. Chumba bila mtaji hakitoshi, na wengi waliopewa waliligundua hilo mapema, lakini walau ni wajibu unaopimika: ama chumba kipo au hakipo. Picha ya mkurugenzi akigawa madaftari haipimiki kwa namna hiyo. Ninapoisoma taarifa ya kampuni ya bangi kuhusu uwajibikaji wake, mimi huangalia kama inataja imenunua bidhaa kwa nani na imewalipa baada ya siku ngapi, maana mkulima mdogo anayelipwa baada ya miezi minne ndiye anayeikopesha kampuni kubwa bila riba.

Ama kwa Afrika, umesikia kweli, na hadithi inafanana kwa namna inayosikitisha. Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza barani kutoa leseni ya kulima bangi ya matibabu, mwaka 2017. Wakulima wa milimani walikuwa wameilima kwa vizazi, wakiipitisha mpakani kwa siri ili kulipa ada za shule, lakini leseni na mabanda ya kisasa vilidai fedha ambazo hawajawahi kuzishika, na mashamba halali yakawa ya kampuni zenye wawekezaji wa nje. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Rwanda iliweka utaratibu mwaka 2021 wa kulima kwa ajili ya kuuza nje tu, huku matumizi ya ndani yakibaki marufuku. Afrika Kusini, ambako Mahakama ya Katiba iliruhusu mtu mzima kutumia na kulima faraghani mwaka 2018, ilipata sheria mwaka 2024, lakini sheria hiyo haikuruhusu kuuza, na wakulima wa Mpondoland waliokamatwa na kunyunyiziwa sumu mashambani kwa miongo mingi bado wanauza kwa kujificha. Ninaandika hayo nikijua kwamba kwetu Tanzania kulima, kuwa nayo na kuuza ni makosa, na sikushauri wala sikushawishi vinginevyo. Ninachosema ni kwamba nchi yoyote itakayofikiria leseni ianze kwa kumwuliza yule aliyekuwa akifyekewa shamba.

SWALI: Dada Mhariri, habari za kazi. Mimi ni kijana kutoka Eldoret, ninaishi Massachusetts na ninafanya kazi katika kiwanda cha bangi, upande wa kusaga maua na kujaza misokoto. Tangu nianze, yapata miezi minne, ninakohoa na kifua kinabana, ila nikiwa nyumbani Jumamosi na Jumapili ninapata nafuu. Msimamizi anasema ni mzio wa kawaida. Kampuni ina bango kubwa mlangoni linalosema inaijali jamii. Nifanye nini? (Kijana wa Massachusetts)

JIBU: Kaka, nenda kwa daktari wiki hii, na umweleze neno kwa neno ulivyonieleza mimi, hasa kwamba kifua kinafunguka mwisho wa wiki na kubana unaporudi kazini. Hiyo ndiyo alama ambayo daktari wa mapafu huitafuta anaposhuku pumu inayosababishwa na kazi. Jimboni mwenu, mjini Holyoke, kulikuwa na mfanyakazi wa miaka 27 katika kiwanda cha aina hiyo aliyekuwa akisaga maua na kufungasha misokoto kama wewe. Kikohozi kilianza miezi michache baada ya kuajiriwa. Novemba 2021 alibebwa na gari la wagonjwa kutoka kazini. Alirudi, na siku za mwanzo za Januari 2022 alianguka tena kazini, akafariki siku chache baadaye. Wataalamu wa afya wa serikali, katika taarifa waliyoitoa Novemba 2023, walikihesabu kifo hicho kuwa cha pumu ya kazini iliyotokana na vumbi la bangi. Usimruhusu mtu kukuita mwenye mzio wa kawaida bila kipimo.

Mwombe daktari aandike kwamba anashuku chanzo ni kazi, kisha mpe mwajiri nakala na udai kuhamishwa kutoka chumba cha kusagia. Andika katika daftari lako tarehe, saa, mashine uliyokuwa nayo na kama kifyonza vumbi kilikuwa kinafanya kazi. Una haki ya kulalamika kwa mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini na kuomba jina lako lifichwe. Ukifukuzwa au kupunguziwa saa kwa kulalamika, malalamiko ya kulipiziwa kisasi lazima uyapeleke ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae ukisikilizia. Matibabu ya ugonjwa uliopatikana kazini hulipiwa na bima ya fidia ya wafanyakazi, ambayo mwajiri anatakiwa kuwa nayo. Kama hapo kuna chama cha wafanyakazi, mtafute mwakilishi wake leo, maana ombi la mashine ya kufyonza vumbi likitoka kwa watu 30 halijibiwi kama linavyojibiwa la mtu mmoja anayekohoa.

Hukutaja hali yako ya ukaazi. Kama wewe si raia, soma tena jibu nililompa mama wa Rockford, kwa kuwa mwongozo ule wa 2019 unagusa pia anayefungasha, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajaza fomu yoyote. Lakini daktari kwanza.